Sita au tisa? Kupanga redio za dharura Lamu kabla ya siku yenyewe

Tuchukulie mashua ya abiria imepinduka Mlango wa Shela mwezi wa saba. Kusi imechachamaa, maji yanapwa, na mkondo unaotoka unagongana na mawimbi yanayoingia. Dakika kumi baadaye kuna redio chungu nzima zinafanya kazi: walinzi wa pwani, polisi, Msalaba Mwekundu, watu wa kaunti, rubani anayejiandaa kutua Manda, na manahodha wa boti za spidi ambao aghalabu ndio wanaowahi kufika. Hospitali ya King Fahd wanasubiri kwa simu. Wote wanaongea, na karibu hakuna anayemsikia mwenzake.

Kila mara jambo hili likijadiliwa, jibu huwa ni kununua redio mpya. Sikubaliani nalo. Redio zipo. Kinachokosekana ni karatasi moja ya mpango, masafa ya pamoja yaliyokubaliwa mapema, na mtu aliyekaa katikati akisikiliza pande zote. Vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni rahisi kuliko ripita moja, yaani kile kituo cha juu kinachopokea redio na kuirusha upya ifike mbali.

Kwanza, kwa nini hawasikilizani. AM na FM ni namna mbili tofauti za kubebesha sauti kwenye mawimbi. Redio ya chombo cha baharini hutumia FM, kuanzia megahezi 156 hivi kwenda juu. Chaneli 16, ya wito na dhiki, ni 156.800. Rubani yuko kwenye AM, kati ya 118 na 137, na masafa yake ya dhiki ni 121.5. Hata ukizipeleka redio hizo mbili kwenye masafa yale yale, AM na FM hazielewani. Idara za nchi kavu kila moja ina masafa yake kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, nyingine VHF (megahezi 30 hadi 300), nyingine UHF (juu ya hapo). Zikiwa za dijitali ndiyo basi: TETRA, DMR na P25 ni lugha tatu tofauti, na mwenye redio ya kawaida akiangukia hapo husikia mngurumo tu kama injini isiyowaka vizuri. Juu ya hayo yote kuna usimbaji wa siri wa vyombo vya usalama, ambao haufunguliwi kwa sababu boti imezama, na sioni kwamba ungepaswa kufunguliwa.

Hizo ni tofauti kubwa, na watu wanazijua. Zinazoumiza siku ya ajali ni ndogo. Redio mbili za aina moja, masafa yale yale, lakini moja imewekewa toni ya 88.5 na nyingine 123.0. Toni hiyo haisikiki kwa sikio. Kazi yake ni kumfungulia mlango mwenye toni hiyo tu. Mwenye toni nyingine anaongea, taa ya mapokezi inawaka upande wa pili, spika kimya. Aliyepiga anadhani amepuuzwa. Kwa hiyo kanuni ya chaneli ya pamoja ni hii: unaweza kutuma ukiwa na toni, lakini usiweke toni kwenye kupokea. Utasikia makelele zaidi, ndiyo. Ni afadhali makelele kuliko kumkosa mtu.

Nyingine ni upana wa chaneli. Redio iliyopangwa kilohezi 25 ikiongea na ya 12.5, sauti hutoka imepasuka, maneno ya nguvu yanakatika. Kwa upande wa pili inatoka hafifu kama mtu aliye chumba cha nyuma. Watu huanza kubadilisha betri na antena ilhali dawa ni mpangilio mmoja kwenye programu ya redio.

Sasa jiografia, na hapa ndipo Lamu inapojitenga na miji mingine. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona. Kupata umbali kwa kilomita, chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, fanya hivyo kwa kila upande, halafu jumlisha. Mabaharia wawili walioshika redio mita 2 juu ya maji: 5.8 na 5.8, chini kidogo ya kilomita 12, na hiyo ni bahari tulivu isiyo na kisiwa katikati. Weka antena ya kituo mita 30 juu na utafikia boti iliyo kilomita 28 hivi. Kutoka mji wa Lamu hadi Faza kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 33. Kiunga ni karibu 90. Mtu anayekuambia kwamba wati 25 badala ya 5 zitamfikisha Kiunga anakuuzia redio. Wati huongeza nguvu ya mawimbi ndani ya upeo, haziuinui upeo wenyewe. Kimo ndicho kinachouinua: antena ikipanda kutoka mita 30 hadi 60, boti itasikika hadi kilomita 37, na hapo Faza imeingia kwa shida.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupokezana: boti moja ikae mahali pa katikati, tuseme upande wa nje wa Manda Toto, isiokoe mtu, isibebe mtu, kazi yake iwe kurudia ujumbe neno kwa neno kati ya Pate na Lamu. Manahodha hawaipendi kazi hii kwa sababu inaonekana ya uvivu. Ya pili, kwa Kiunga, Ishakani na vijiji vya ukanda wa Boni, ni HF, masafa ya chini ya VHF, megahezi 3 hadi 30. Antena ya waya wa nusu wimbi, imefungwa chini kwa makusudi, mita 4 hadi 6 kutoka ardhini kati ya minazi miwili. Ikiwa chini hivyo mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mvua, na kufunika mamia ya kilomita bila kujali msitu wala kisiwa. Kwa megahezi 5 kila mkono wa waya uwe mita 14.3. Mchana masafa ya 5 hadi 7 hufanya kazi. Usiku shuka 3 hadi 4, na kwa 3.5 kila mkono unahitaji mita 20 na kidogo. Wanaoifunga juu sana wakidhani juu ni bora hupata Dubai vizuri na kumkosa wa Kiunga. Wakati wa masika radi hujaza HF mchakacho, kwa hiyo ujumbe uandikwe kwanza, uwe mfupi, urudiwe mara mbili.

Simu je? Simu ni nzuri kwa dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo kila mtu mwenye ndugu baharini anapiga, na mnara unajaa. Katika kaunti za mpakani mwa Somalia minara yenyewe imewahi kuharibiwa na wanamgambo. Namba 999 na 112 ziendelee kupokea taarifa za raia, lakini uratibu wa waokoaji usitegemee mtandao ule ule wanaoutumia jamaa wanaolia.

Chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko yote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Kituo kinafungwa vizuri, kinasikika vizuri mwaka mmoja, halafu "redio imeharibika". Mara nyingi redio haina tatizo. Kiungio cha waya kule juu kimeoza. Hewa ya bahari huingia kwenye nyuzi za shaba, zinakuwa kijani, na nguvu zinaishia njiani. Zungushia kiungio utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe wa kawaida juu yake, na uanze chini kupanda juu, kama makuti yanavyoezekwa, ili kila mzunguko umfunike wa chini yake na maji yateleze. Ukianza juu kushuka, umejenga mfereji wa kuingizia maji. Na usinunue waya mwembamba kwa ajili ya mnara: mita 30 za RG-58 katika megahezi 150 hula desibeli 6 hivi, yaani kati ya wati 25 zinazotoka kwenye redio, karibu 6 tu ndizo zinazofika kwenye antena. Mita hizo hizo za LMR-400, waya mnene, hula kama 1.5, na wati 17 au 18 hufika. Pima mrejesho wa nguvu kutoka kwenye antena (SWR) kila miezi mitatu na uandike. Ikiwa ulikuwa 1.3 na sasa ni 2, panda juu kabla haujafika 3.

Umeme nao uhesabiwe kwa karatasi, si kwa matumaini. Redio ya wati 25 huvuta kama ampea 6 ikituma na 0.4 ikisikiliza. Siku ya dharura, chukulia inatuma asilimia kumi ya muda: saa 2.4 mara 6, jumlisha saa 21.6 mara 0.4, unapata ampea-saa 23 kwa siku. Siku mbili bila jua ni 46. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, basi nunua ya 100. Kuijaza 23 kila siku kwa saa tano za jua nzuri kunataka paneli ya wati 80 kwa hesabu. Funga ya 120, kwa sababu vumbi, kunguru na mawingu ya kusi havimo kwenye hesabu.

Sasa tufike kwenye meza ya yule mtu wa katikati anayesikiliza pande zote. Chumba kimoja, redio ya kila idara au redio yao wenyewe iliyoletwa na afisa wao. Hapa ndipo siri za polisi zinapolindwa bila mtu kuzama: afisa wa polisi anakaa mezani na redio yake yenye siri, anasikiliza, anaamua lipi litamkwe kwenye chaneli ya pamoja. Hakuna aliyefungua masafa ya mtu. Mjini New York mwaka 2001, marubani wa helikopta za polisi waliona kwamba mnara wa kaskazini uko karibu kuanguka na wakaonya. Onyo lilipita kwenye redio za polisi, na wazima moto waliokuwa ngazini walikuwa kwenye masafa yao. Taarifa ilikuwepo. Haikuwa na daraja la kuvukia.

Antena za meza hiyo zisisongamane. Redio moja ikituma, jirani yake huziba masikio kwa muda huo, hata kama masafa ni tofauti. Zipandishe moja juu ya nyingine kwenye mlingoti, angalau mita 3 kati yao, kwani kutengana kwa wima husaidia zaidi kuliko kuzipanga ubavu kwa ubavu kwenye ukingo wa paa, jambo ambalo kila fundi hulifanya kwa kuwa ni rahisi.

Kuna kisanduku kinachouzwa cha kuunganisha redio tofauti, sauti ya moja inaingia ya pili. Kinafanya kazi, na kina mahali pake. Ila kinafungua kituma kwa kusikia sauti, kwa hiyo silabi za mwanzo hukatwa: "usiingie" inafika "ingie". Sitanii, ndivyo inavyoweza kutokea. Asiyezoea lazima afundishwe kubonyeza, kuhesabu moja kimoyomoyo, ndipo aongee. Pia ripita hubaki wazi sekunde chache baada ya mtu kunyamaza. Kisanduku kinadhani huo mkia ni maongezi, kinafungua upande wa pili, nao unajibu kwa mkia wake, na ripita mbili zinarushiana kimya usiku kucha mpaka betri zife. Mtu mwenye masikio na kalamu hana ugonjwa huo.

Sasa maneno. Mafunzo mengi ya redio yametoka nje, kwa hiyo yanakuambia tahadhari za lugha yao. Za kwetu ni nyingine. Sita na tisa ni sauti zile zile, konsonanti zimebadilishana nafasi. Kwenye upepo mkali na injini ya farasi 75 hakuna anayezitenganisha kwa uhakika. Ukisema tisa, ongeza "kumi kasoro moja", na mpokeaji arudie. Tarakimu zitajwe moja moja: abiria 16 ni "moja, sita", si "kumi na sita".

Saa ni hatari kubwa zaidi. "Boti iliondoka saa nane" kwa mtu wa Matondoni ni saa nane mchana. Kwa afisa aliyezoea kuandika saa za jeshi ni 08:00. Tofauti ni saa sita, na saa sita za mkondo ni tofauti ya kumtafuta mtu upande wa Kipungani au upande wa bahari kuu. Kwenye redio tumieni tarakimu nne tu, "moja, nne, sifuri, sifuri", na kwenye daftari iandikwe hivyo hivyo. Raia akitaja saa kwa Kiswahili, mpokeaji aulize palepale: mchana au usiku?

Majina ya mahali nayo yana mitego. Pate ni kisiwa na pia ni mji ndani ya kisiwa. Lamu ni kaunti, kisiwa na mji. Mokowe na Mkokoni, kwenye redio mbovu, ni neno moja, na kati yao kuna zaidi ya kilomita 50. Mkubaliane kwamba kila jina linafuatwa na jirani yake: "Mkokoni, mbele ya Kiwayu", "Mokowe, gatini".

Anayetuma mahali alipo kwa namba za simu aeleze ni namba za aina gani. Simu huonyesha nyuzi kwa desimali, chati ya bahari hutumia nyuzi na dakika. 2.27 si nyuzi 2 dakika 27. Ni nyuzi 2 dakika 16.2. Anayekosea hapo anaipeleka boti ya uokoaji maili 10.8 za baharini, kilomita 20, mahali pasipo na mtu. Na ile alama ndogo ya kutoa mbele ya namba ndiyo "kusini". Ikiangushwa, umemtuma nahodha kilomita 500 kaskazini, nchi kavu, kuelekea Wajir, na boti haina magurudumu.

Moto katika mji wa kale ni habari nyingine, na kanuni zake ni kinyume kidogo. Gari la zima moto haliingii vichochoroni, kwa hiyo watu ni wengi, pampu iko ufukweni, na mipira inapita kona baada ya kona hadi Usita wa Mui na zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe, nene kama mkono, hunyonya mawimbi. Aliye ndani ya nyumba haisikii ripita wala ripita haimsikii. Kwa hiyo walio kwenye moto waongee moja kwa moja, redio kwa redio, bila ripita kabisa. Aliyenaswa chumbani anaweza kumfikia mwenzake aliye mlangoni, mita 15, hata kama mnara haumpati. Halafu weka mtu juu ya dari ya nyumba ya jirani iliyo salama, redio mbili mkononi, moja ya moto na moja ya chaneli ya pamoja. Anaona makuti yapi yanashika, upepo unaelekea wapi, na anawasikia wote wawili, wa ndani na wa ufukweni. Kwa watano au sita wanaozima, huyo mmoja si wa kupunguzwa.

Baharini, chaneli 16 ni ya wito na dhiki tu, si ya maongezi. Mayday ikipokelewa, dhiki inabaki pale na wengine wote wananyamaza. Boti za uokoaji zikianza kuratibiana zihamie chaneli 6, 156.300, ambayo ndiyo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Kituo cha kuratibu uokoaji kilichoko Mombasa kijulishwe mapema, hata kama inaonekana mtamaliza wenyewe. Na rubani aliye juu, ambaye ndiye anayeona bahari yote, afikiwe kupitia mnara au redio ya kiwanja cha Manda; asitarajiwe kusikia 16.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja. Kila mstari una kazi ya chaneli, jina lake, masafa ya kupokea, masafa ya kutuma, toni, upana, AM au FM au dijitali ya aina gani, na nani wamo. Chaneli zipewe majina, si namba, kwa sababu "chaneli 3" ya idara hii si "chaneli 3" ya ile; jina "Pamoja" likiandikwa kwenye kioo cha kila redio, anayeliona analijua. Chini yake orodha ya vituo na majina yao ya kuitia, na jina la cheo, si la mtu, maana watu huhamishwa.

Kila wiki, siku na saa ile ile, kituo kiite majina yote kwa zamu, na asiyejibu aandikwe na afuatwe siku hiyo hiyo. Mara kwa mara fanyeni na wito mwingine wakati maji yamepwa kabisa na boti ziko chini ya gati, si wakati maji yamejaa tu na kila kitu kiko juu. Hewa ikitulia juu ya bahari wakati wa kaskazi, VHF huweza kupinda na kuleta sauti za mbali mno. Hali hiyo ikitokea, msibadilishe mipangilio, andikeni saa na msubiri ipite.

Karatasi iwe na tarehe kwenye pembe ya juu, ifunikwe plastiki, nakala moja ndani ya kila boti na moja mezani. Ikitoka mpya, mwenye kuileta aondoke na ya zamani mkononi. Mbili zikikaa ukutani pamoja, usiku wa ajali mtu atasoma ile iliyo karibu na taa.